Fulgensi Mkwega na Kengele Isiyokuwepo

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu ya utumishi, Mzee Fulgensi Mkwega, fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika Shule ya Sekondari Mpungani, anastaafu rasmi leo Jumatano, tarehe 30 Juni 1999. Kamati ya maandalizi iliniomba niandike maneno machache ya heshima, yasiyozidi ukurasa mmoja. Kamati ilijua inamwomba nani, kwa hiyo isilalamike. Nimekaa meza ya jirani na Mzee Fulgensi katika chumba cha walimu kwa miaka kumi na sita, na katika muda huo ameazima kwangu bisibisi nne, mkasi, redio na saa ya mezani. Vyote vipo salama ndani ya maabara yake, vikifanya kazi nyingine kabisa.

Alizaliwa kijiji cha Mbingu mwaka 1939, mtoto wa tano wa mvuvi aliyetaka kijana wake awe padre. Kijana, badala ya kufungua kitabu cha sala, alifungua redio ya padre. Inasemekana aliifunga tena siku hiyo hiyo na ikaongea vizuri kuliko mwanzo, ila ikawa inashika kituo kimoja tu, na hicho kilikuwa cha muziki wa dansi. Habari za seminari zikaishia hapo. Akaenda Morogoro kujifunza ufundi katika karakana ya redio, na tarehe mosi Aprili 1970 akaajiriwa hapa Mpungani kama mhudumu wa maabara, cheo ambacho maana yake siku zile ilikuwa kufagia na kuhesabu chupa. Alihesabu chupa kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuzitumia, na hakuna aliyezihesabu tena mpaka leo.

Mafanikio yake ni mengi na nimeagizwa niyataje. Chini ya uangalizi wake maabara haijawahi kuungua, isipokuwa mwaka 1983, na hata hapo haikuungua yote. Wanafunzi wake wanne leo ni wahandisi, mmoja ni daktari wa mifugo, na mmoja amefungua studio ya kurekodi muziki Dar es Salaam, ambako tunaambiwa hafuati ushauri wowote wa Mzee Fulgensi na ndiyo maana mambo yake yanamwendea vizuri. Hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, kwa sababu ili mtu achelewe ni lazima kwanza aondoke. Mkewe, Bibi Devota, amemletea chakula maabara kwa miaka mingi kiasi kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wanamwamkia wakidhani ni mpishi wa pili. Shikamoo Bibi, na pole sana.

Sasa tufike kwenye mawimbi, maana hakuna aliyefanya kazi na mtu huyu akayakwepa. Mwaka 1988 walimu wa kujitolea waliokuwa wanarudi kwao walituachia osiloskopu, kile chombo chenye kioo kidogo cha kijani kinachoonyesha sauti kwa umbo la mstari. Shule yenye akili timamu ingekifunika kitambaa cha kufuma na kukiweka ofisi ya mkuu, pembeni ya vikombe vya mpira wa miguu. Mzee Fulgensi alikibeba mwenyewe mpaka maabara, akafunga mlango. Alipiga mluzi mbele yake, akaona mstari laini unaopanda na kushuka. Alikohoa, akaona vurugu tupu. Kuanzia siku ile akapata wazo moja, na amelishikilia kwa miaka kumi na moja bila kuhitaji la pili: kwamba vurugu zote za sauti duniani zimetengenezwa kwa mistari laini mingi iliyojumlishwa pamoja, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuijumlisha mwenyewe.

Alilieleza jambo hilo kwa kila aliyekosea akasimama karibu naye, akiwemo mpishi, dereva wa trekta na askofu aliyekuja kubariki tangi la maji. Sauti iliyo safi kabisa, alisema, ni wimbi la sine: linapanda, linashuka, halina makuu. Lakini filimbi, ngoma, mlango unaolia, sauti ya mkeo akikuita ukajifanya hujasikia, zote ni mawimbi ya namna hiyo hiyo, mengi, kila moja na kasi yake na nguvu yake, yamejumlishwa yakawa kitu kimoja. Ni kama mchuzi, alisema. Mdomoni unaonja kitu kimoja, ila jikoni kuna kitunguu, nyanya, chumvi na samaki. Mpishi alimjibu kwamba jikoni kwake hakuna nyanya wala kitunguu, na kama ana ugomvi na mchuzi wa shule aseme wazi mbele ya mkuu.

Ili kuwathibitishia wabishi, alitengeneza visanduku vinane kutokana na redio zilizokufa. Ya kwangu ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa haijafa. Kila kisanduku kilitoa wimbi moja safi na kilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha kubadili kasi ya mtetemo na kingine cha kubadili ukubwa wake. Nyaya zote nane ziliingia kwenye kisanduku cha tisa, ambamo mawimbi yalijumlishwa na kutoka yakiwa sauti moja. Kisanduku kimoja kikilia peke yake kilikuwa kinaudhi vya kutosha, kama mbu aliyesoma. Vikilia vyote, walimu wa lugha tulikuwa tunahamishia vipindi vyetu uwanjani. Mimi si mwalimu wa lugha, lakini nilikuwa nahama nao.

Wakaguzi wa elimu walipotutembelea mwaka 1994, Mzee Fulgensi aliwaahidi kwamba atajenga wimbi la mraba, lenye kona nne kamili, kwa kutumia mawimbi ya mviringo peke yake. Jamani, nani alimtuma? Akaweka wimbi la kwanza. La pili akalifanya liende mara tatu ya lile, kwa theluthi ya ukubwa wake. La tatu mara tano, kwa sehemu moja ya tano. Na kweli bwana, kwenye kioo mabega ya ule mstari yakaanza kunyooka kidogo kidogo, na kila kisanduku kilichoongezwa kikanyoosha zaidi. Ila alipofika cha saba dakika sabini zilikuwa zimepita, wakaguzi wawili wanasinzia na wa tatu anauliza kwa nini kwenye kona kumebaki vinundu. Mzee Fulgensi akamjibu kwa furaha isiyo kifani kwamba vinundu vile havitoki hata ukiwa na visanduku elfu. Ripoti ya ukaguzi iliandika kwamba maabara yetu ina vifaa vyenye kasoro.

Mwaka 1996 alijenga honi ya pikipiki ya mkuu wetu wa shule, Mwalimu Obed. Hakuijenga kwa chuma, aliijenga kwa mawimbi manne, na akaijaribu alasiri moja bila kumwambia mtu. Bweni zima la wavulana likakimbilia madarasani. Walimu wawili wakaficha drafti chini ya meza. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, darasa halina mwanafunzi hata mmoja. Mwalimu Obed wakati huo alikuwa kijiji cha Mkula kwenye msiba.

Basi, leo tungekuwa tunamuaga mzee mwenye visanduku, tunacheka, tunakula pilau na kutawanyika, kama si mvua za mwaka jana.

Wanaoishi bonde hili hawana haja ya kukumbushwa mvua zile. Mzee Mashimba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Michenga na mifugo yake miaka ya nyuma, alikuwa na ng'ombe sitini na watatu kwenye mwinuko wa mchanga ulio kati ya mikono miwili ya mto. Kila mwaka pale ni malisho. Aprili ya 1998, ndani ya siku mbili, pakawa kisiwa, na kila siku kisiwa kikawa kinapungua. Ng'ombe anajua kuogelea, lakini haingii kwenye maji makali kwa hiari yake; anamfuata kiongozi. Wa Mashimba walimfuata fahali mmoja mweusi mwenye kengele shingoni, au tuseme ukweli, waliifuata kengele. Na kengele haikuwepo. Ilikuwa imepotea wiki tatu kabla, na tangu hapo kundi lilikuwa linatawanyika kama wajumbe baada ya chai. Fahali mwenyewe alikuwa anasimama tu ukingoni anatazama maji.

Wavuvi walikwenda na mtumbwi kumchukua Mzee Mashimba. Akawashukuru, akakataa. Aliwaambia atatoka nyuma ya ng'ombe wake au hatatoka. Mdogo wake, Limbu, alibembeleza mpaka akachoka, kisha akavuka na wavuvi na kutembea hadi hapa shuleni, nguo zimemgandama mwilini. Hakuja kuomba msaada. Alikuja kumwandaa binti wa kaka yake, Minza, aliyekuwa kidato cha tatu, ili habari za baba yake zisije kumkuta barabarani. Minza ndiye anayewasomea maneno haya, kwa hiyo mtaniwia radhi nikimsema akiwa amesimama mbele yenu.

Minza hakulia. Alikwenda moja kwa moja ofisini akaomba kengele ya shule. Mwalimu Obed, kwa moyo wa huruma tunaoufahamu sote, alimpa baada ya Limbu kusaini nakala tatu. Kengele ikapelekwa Michenga, ikapigwa ukingoni mpaka mkono wa Limbu ukafa ganzi. Ng'ombe wakainua vichwa, wakatazama, wakarudi kula. Wakapiga rimu ya lori. Wakapiga kengele ndogo ya altareni, iliyotolewa kwa ruhusa maalumu. Wapi! Ng'ombe wale walikuwa na masikio ya mwalimu wa kwaya, walitaka ya kwao na si nyingine.

Ndipo Mzee Fulgensi, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, alipotangaza katika chumba cha walimu kwamba kama kengele haipo, sauti yake inaweza kujengwa. Chumba kizima kilicheka. Niliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi, na sababu yangu mtaijua sasa hivi.

Alimkalisha Minza kwenye kigoda cha maabara, akamwambia afumbe macho na aisikilize kengele ya baba yake kichwani, halafu amwambie tofauti. Akawasha kisanduku cha kwanza. Minza akashusha mkono: chini kidogo, mzee, chini tena, hapo. Akaongeza wimbi la pili. Kengele, alitueleza huku anazungusha vifundo, haina adabu ya filimbi; mawimbi yake ya juu hayaendi mara mbili wala mara tatu kamili ya lile la chini, yanakwenda yanavyotaka, na ndiyo maana tunasikia chuma na si wimbo. Siku ya kwanza ilipoisha tulikuwa na sauti ya sufuria. Siku ya pili akafunga breki ya baiskeli kwenye kisanduku cha tisa: ukiibana, sauti inalipuka, ukiiachia, inafifia na kufa, maana kengele haiimbi kama jogoo, inagongwa mara moja na kuacha. Kufika mchana kulikuwa na mawimbi sita, na mpita njia angeapa kwamba kuna ng'ombe ndani ya maabara. Limbu, aliyekuwa amerudi na habari mpya, alisema hiyo ndiyo, twendeni. Habari yenyewe ilikuwa kwamba maji yamefika mahali kaka yake alipokuwa anapikia.

Minza akatikisa kichwa. Bado, alisema. Kengele ya baba inatetema. Mzee Fulgensi akajaribu kutikisa kifundo kwa mkono. Minza akasema huo ni mtetemo wa mkono, kengele haitetemi hivyo. Akapunguza hili, akaongeza lile. Bado. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Limbu alikuwa amechuchumaa kwenye kona amejishika kichwa, na yule mtoto bado amefumba macho, machozi yanapita hapo hapo kwenye kope zilizofungwa.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, kwa kuwa nilikuja kucheka. Na nilikuwa najua kwa nini kengele ile inatetema. Ilikuwa na ufa. Ulianzia kwenye mdomo, ukapanda urefu wa kidole cha shahada, umezibwa na tope na mafuta kiasi kwamba mtu asingeuona bila kuishika kengele mkononi na kuigeuza. Walioishika kengele ile mkononi ni watu wawili tu: aliyeivisha shingoni mwa fahali, na aliyeivua. Aliyeivisha alikuwa kisiwani.

Minza, mwanangu, endelea kusoma. Usinitazame kwanza.

Aliyeivua ni mimi, Evaristo Ligamba, mwalimu wa jiografia, bingwa wa kufundisha kidato cha pili mada ya mafuriko, ambaye kwa elimu yangu yote nililima ekari mbili za mpunga katikati ya bonde la mafuriko. Ng'ombe wa Mashimba waliingia shambani kwangu mchana kweupe na kukaa muda wa kutosha. Desturi yetu wakulima inajulikana: ukiwakuta, unavua kengele ya kiongozi, unaipeleka ofisi ya kijiji iwe kidhibiti, mwenye mifugo anaifuata pale, mnakaa, mnasemezana, mnamalizana. Nikaivua, fahali ni mpole, alinisubiri nimalize. Nikapanda mtumbwi niipeleke ofisini. Katikati ya maji nikaigonga kwa kidole, ikalia vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki, na hasira ikanipanda. Nikaitupa mtoni. Msiniambie ni uchungu wa mpunga. Mpunga wenyewe mto uliuchukua wote mwezi ule ule bila kumwomba ng'ombe msaada. Niliitupa kwa sababu nilitaka yule Msukuma aitafute asiipate.

Kwa hiyo pale mlangoni nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na ninaona aibu kusema kwamba nilichukua muda. Nilikunywa chai yote mpaka ikaisha. Halafu nikasema kengele ile ina ufa, kuanzia mdomoni, wa urefu huu, nikaonyesha kwa kidole.

Mzee Fulgensi aliinua kichwa akanitazama. Ni mtu wa kupima vitu, na alinipima. Kisha akageuka, akawasha kisanduku cha saba. Mawimbi mawili yanayokaribiana sana, alikuwa ametueleza miaka yote ile tukimkwepa, hayakai pamoja kwa amani: mara yanakutana na kusaidiana, mara yanapishana na kufutana, na sikio linasikia sauti inayotetema. Kengele yenye ufa inafanya hivyo hivyo, upande mmoja unalia na upande wa pili unalia juu yake kidogo tu. Moja ya mawimbi yake lilikuwa linatetema mara mia sita na arobaini kwa sekunde. Jipya akaliweka kwenye mia sita na arobaini na tisa. Akabana breki. Minza aliruka kutoka kwenye kigoda, mkono mdomoni, akasema neno moja tu: baba.

Tulifika Michenga alasiri ile ile kwa trekta la shule, dereva akiwa Gasper, na kwenye tela kulikuwa na visanduku tisa vilivyofunikwa turubai, betri ya lori, na spika ya tarumbeta ya parokia. Trekta lilikwama mara tatu na sote tukasukuma. Ng'ambo ya maji kisiwa kilikuwa kimebaki kama viwanja viwili vya mpira, ng'ombe wamesongamana, na pembeni yao mtu mmoja mrefu amesimama na fimbo. Minza ndiye aliyebana breki, kwa sababu ndiye aliyejua mwendo wa fahali: bana, achia, bana, achia, hatua za mnyama anayetembea bila haraka. Dakika nzima ikapita, hakuna kitu. Mwalimu Obed akaanza kuuliza nani atasaini betri ikiingia maji.

Fahali mweusi akageuza shingo. Akasogea mpaka majini, akasimama, akasikiliza. Halafu akaingia, na wote wakaingia nyuma yake. Nimehudhuria vikao vingi vya shule hii na sijawahi kuona wajumbe wakikubaliana upesi namna ile. Mto uliwavuta, ukawapinda, tukawa tunaona pembe tu. Waliotoka walikuwa sitini na mmoja. Ndama wawili walikwenda na maji. Nyuma kabisa, ameshika mkia wa ng'ombe wa mwisho, alitoka Mzee Mashimba. Limbu akapiga magoti kwenye tope. Mzee Fulgensi alikuwa amelia tangu fahali alipogeuza shingo, na alikuwa anajisingizia miwani.

Mzee Mashimba hakusalimia mtu. Alipita katikati yetu sote, akamshika binti yake kichwani, kisha akaenda kwenye ile spika na kuingiza mkono wake wote ndani, akitafuta kengele. Akauliza iko wapi. Mzee Fulgensi akamfunulia turubai, akamwonyesha visanduku. Mzee akaomba isikike tena. Ikasikika. Akauliza swali moja. Ufa ule, alisema, ulitokea siku niliyohama kwetu. Kengele aliifua marehemu baba, nikaiangusha kwenye jiwe kwa uzembe wangu, nikaona aibu, sikumwambia mtu, hata huyu mtoto hajui. Nani amewaambia ninyi habari ya ufa?

Mzee Fulgensi Mkwega hajawahi, kwa miaka yote niliyomfahamu, kusema jambo asiloweza kulionyesha kwenye kioo. Aliwahi kumsahihisha askofu mbele ya waumini. Siku ile alimtazama mzee mwenzake machoni, akamwambia amekisia.

Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, tope magotini, na sikufungua mdomo. Nimekaa kimya miezi kumi na nne. Kila mwezi Mzee Mashimba ameleta kibuyu cha maziwa kwa walimu wote waliosukuma trekta siku ile, na mimi nimekunywa, nimesema asante, nimesema yameganda vizuri.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, Mzee Fulgensi alikuja mezani kwangu. Aliniruhusu niandike lolote: visanduku, wakaguzi, hata moto wa 1983. Habari ya ufa tu ndiyo aliniomba niiache. Alisema mambo yamekwisha, ng'ombe wapo, mtoto anasoma vizuri, ya nini kuchokonoa. Nilimwitikia ndiyo mzee. Mniandikie na huo kwenye orodha ya uongo wangu.

Mzee Mashimba, shikamoo. Umekaa mstari wa mbele na binti yako ndiye anayesoma. Kengele ya baba yako niliitupa mimi, chini kidogo ya kivuko cha Michenga, nikiwa na akili zangu zote. Nimelipa wazamiaji mara mbili kiangazi kilichopita. Hawakuipata, na mimi sina cha kukurudishia. Sikukaa na walimu wenzangu. Nimesimama hapa mlangoni, na ukitaka kuniita nje, sitakimbia.

Mzee Fulgensi, shule inakushukuru kwa miaka ishirini na tisa ya kutusumbua kwa jambo lililokuwa kweli. Bibi Devota, huyu hapa, mchukue nyumbani, ila mpekue mifuko kabla hajapita getini. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha kitandani kwako mwenyewe, na wajukuu wenye masikio ya Minza. Uende kwa amani, mzee wetu. Na ule uongo mmoja uliousema kwa ajili yangu, umefanya kazi miezi kumi na nne bila likizo. Leo nao unastaafu.